Tumbo la Kwetu Lapita Malaba

Kwetu Amukura, wanaume wa ukoo wa baba yangu hawajengi nyumba za mawe. Si kwamba hawana uwezo. Baba alikuwa na ng'ombe, na babu kabla yake alikuwa na shamba la kukimbiza farasi. Ni kwamba hawaoni maana yake. Mwanamume wa kwetu akikaribia miaka arobaini, tumbo linamshika. Anaanza kwenda haja na damu, anakonda mpaka shati linamning'inia, halafu tunamzika. Babu alikwenda hivyo. Baba akaenda hivyo. Mwaka mmoja kabla ya safari ninayoisimulia hapa, kaka yangu mkubwa Emoit naye akaenda hivyo hivyo. Tulikuwa tumeshaupa ugonjwa jina, tumbo la kwetu, tukiutaja kama watu wengine wanavyotaja pua ya kwao au upara wa kwao. Wapo waliosema tumelogwa, na wapo waliosema babu aliapa uongo kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa vizuri sana.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu hazijaingia mifukoni. Nilikuwa nikiishi Burumba, mjini Busia, na mke wangu Nabwire na watoto wetu, mkubwa wao Nekesa, nikifanya biashara ambayo watu wa Burumba hawaulizani. Sabuni ikiwa rahisi huku, niliipeleka Uganda. Sukari ikiwa rahisi kule, niliileta huku. Langoni sikupita hata siku moja nikiwa na mzigo. Nilipita nyuma ya nyumba za watu, kwenye mihogo, mahali ambapo hata mbuzi wananijua. Najisifu kwa hilo ili mjue mapema jinsi nilivyokuwa mjinga.

Daktari wa hospitali ya misheni aliyempasua Emoit alituma mtu wa kuniita tulipomaliza matanga. Alikuwa mzee mmoja mpole mwenye Kiswahili cha kusomea.

"Omuse, utumbo mkubwa wa kaka yako ulijaa vinyama vidogo kama upele, toka mwanzo hadi mwisho," aliniambia. "Kimoja kiligeuka saratani. Huu si uchawi. Ni kitu cha kurithi, baba anampa mtoto. Kila mtoto ni kama kurusha shilingi juu: akiangukia upande huu anacho, akiangukia ule hana."

"Na mimi niliangukia upande gani?"

"Mimi sina mashine ya kuona. Kampala kuna daktari mwenye bomba lenye kamera. Anaingiza, anaangalia. Akivikuta vinyama kabla havijageuka, wanautoa ule utumbo, na mtu anaishi mpaka anazeeka."

Kuzeeka! Neno hilo sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya mwanamume wa kwetu. Nilitamani kumwomba alirudie.

Akanipa vitu vitatu. Cha kwanza, pakiti ya chumvi ya kuharisha, niinywe mchana wa siku ya kuamkia kipimo ili tumbo liwe safi. Cha pili, kichupa kidogo chenye dawa na ndani yake kipande cha nyama ya Emoit, kwa sababu daktari wa Kampala alitaka kulinganisha. Cha tatu, karatasi yenye mhuri ya kuonyesha forodhani, ili kichupa kipite bila maneno.

Burumba, siku ya kuondoka, nilikata shauri kwamba mtu yeyote asijue ninakwenda wapi. Kampala kwetu ni ng'ambo, lakini ni ng'ambo ya kuchekesha. Nikisimama mlangoni kwangu naona mabati ya Uganda yakimeta. Mtu angeweza kuvuka kwa baiskeli ya bodaboda kabla chai haijapoa. Tatizo lilikuwa kanisa. Siku zile mtu akienda kutibiwa ng'ambo, jina lake linatangazwa kwa kipaza sauti, anaitwa mbele, anaombewa, na ugonjwa wake unatajwa ili Mungu asikosee. Nikajiona nimesimama mbele ya kwaya ya akina mama, mchungaji amenishika kichwa, anamwomba Bwana aangalie matako yangu. Nikasema hapana. Niliwaambia majirani ninakwenda Amukura kuangalia ng'ombe, nikapanga nivukie Malaba, ambako hakuna anayenijua. Yaani niliacha mpaka ulio hatua chache kutoka kitandani kwangu, nikaenda kutafuta mwingine.

Nabwire alinikuta jikoni nikichota mafuta ya kupikia kutoka kwenye mkebe. Nilikuwa nimekifunga kichupa kwa nailoni, nikakizamisha katikati ya mkebe, sasa nilikuwa nikirudisha mafuta juu yake na kuyalainisha kwa kijiko.

"Sasa hiyo ni nini unafanya?"

"Ninamvusha Emoit."

"Omuse, si daktari amekupa karatasi?"

"Karatasi ni ya watu hawajui mpaka," nikamjibu, na nikajisikia mtu wa maana kabisa.

Nabwire aliuchukua mkebe, akaufunga kifuniko. Yeye ni mtu wa Samia, si mwepesi wa kugombana. Hukunyamazia mpaka ujisikie mwenyewe. Halafu akaniwekea sweta kwenye mfuko na kusema, "Wewe rudi tu ukiwa hai. Ujanja utauacha huko huko."

Amukura, kabla ya jua kuwa kali, nilipitia nyumbani kumwona mdogo wangu Okisai. Katika wana wa baba tulikuwa tumebaki wawili. Okisai ni mtu wa kifua na sauti, mwenye kucheka mpaka kuku wanatawanyika. Nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Nikamweleza kila kitu, bomba, kamera, shilingi inayorushwa juu, na nikamwambia twende wote.

Alicheka mpaka akakalia gogo.

"Mimi? Nipelekwe Uganda niangaliwe huko nyuma kama ng'ombe ya mnada? Wacha, ndugu yangu! Wewe nenda. Wakikuchungulia, uwaulize kama wameona kisu yangu ilipotea mwaka jana."

"Okisai, Emoit alicheka hivi hivi."

"Emoit alirogwa."

Tulikaa tukinywa chai. Katika kikombe kimoja aliinuka akaenda nyuma ya nyumba mara mbili, na aliporudi mara ya pili nikaona mkanda wake una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, mbali na yale ya kiwandani. Nilitaka kumuuliza. Akanitangulia kwa kuniuliza bei ya sukari. Nikaijibu bei ya sukari, maana kwetu ndivyo tulivyo, tungeweza kuzungumza sukari mpaka kaburini. Nikaondoka moyo ukiwa mzito.

Malaba, mchana, foleni ya malori ilikuwa imetoka langoni, ikapita kituo cha reli, ikapotea kuelekea Bungoma. Madereva walikuwa wametandika mikeka chini ya matrela yao. Wauza mayai ya kuchemsha, njugu, soksi na maji walitembea kando ya magurudumu wakiita. Nilipata nafasi kwa dereva wa Mombasa aliyeitwa Salim, aliyebeba chumvi ya kwenda Kampala. Alinikubali kwa sababu alitaka mtu wa kupiga naye soga, na pia, nadhani, apate kukicheka Kiswahili changu.

"Leo tutavuka bwana, jua halijatua," alisema Salim. "Mimi njia hii naijua. Alasiri tuko ng'ambo, usiku uko Kampala walala."

Mimi nikamwamini. Mtu aliyezaliwa mpakani, aliyekula na kusoma kwa sababu ya mpaka, nikaamini kwamba foleni ya Malaba itatembea. Kipimo kilikuwa kesho yake alasiri. Daktari alisema ninywe chumvi mchana. Mchana ulikuwa umefika. Nikakoroga pakiti nzima kwenye chupa ya maji, nikainywa yote, nikafuta mdomo kama mtu aliyekunywa soda.

Alasiri, foleni haikuwa imesogea hata urefu wa trela moja. Ilisemekana kuna lori limekwama kwenye daraja, wengine wakasema mwenye mhuri amekwenda kula. Salim alikuwa akinieleza habari za harusi ya binti yake, jinsi biriani ilivyopungua, nami nikaanza kusikia tumbo likinguruma kwa mbali kama treni inayokuja.

"...basi nikamwambia mpishi, ewe bwana..."

"Salim," nikasema, "nifungulie mlango."

"Tulia kwanza, sijafika penye utamu."

"Salim! Mlango!"

Niliruka kutoka ile kabini ya lori kwa namna ambayo sijaruka tangu nikiwa mvulana. Nilijikaza kisabuni. Nilivuka barabara kwa hatua fupi fupi, magoti yamebanana, huku muuza mayai akinifuata kunishawishi ninunue. Mbele kulikuwa na gesti ndogo yenye ukuta wa bluu. Mlangoni ameketi mama mnene akikaanga samaki, na kando yake, juu ya msumari, umening'inia ufunguo uliofungiwa kipande cha mti kirefu kama mwiko wa ugali. Kila mtu wa Malaba anajua ufunguo wa namna hiyo unafungua nini.

"Mama, naomba ufunguo."

"Choo ni ya wateja."

"Nitachukua chumba. Nitachukua vyumba vyote! Ufunguo!"

Akanipa. Sitasimulia yaliyofuata. Niseme tu kwamba niliporudisha ufunguo, kabla haujagusa msumari, niliuomba tena. Mara ya tatu yule mama, aliyeitwa Mama Akoth, akaushikilia.

"Baba, wewe umekula nini?"

Nikatafuta uongo wa haraka. Macho yangu yakaangukia karai lake. "Nilikula samaki mbaya."

Mama Akoth alisimama, na aliposimama alijaza mlango. "Samaki? Samaki ya nani? Hapa Malaba samaki ni yangu! Unataka hawa madereva wote wasikie Mama Akoth anauza samaki ya kuharisha? Sema ilikuwa yangu! Sema!"

Madereva walikuwa wameshageuka. Mmoja aliyekuwa na mkia wa samaki mdomoni akautoa polepole na kuutazama. Salim naye alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Tumbo likanguruma kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Hapo nikaona jambo moja waziwazi: naweza kulinda siri yangu, au naweza kupata ule ufunguo.

"Si samaki!" nikapaza sauti. "Samaki ya huyu mama ni nzuri! Mimi nimekunywa dawa ya kuharisha ya daktari. Nakwenda Kampala kuangaliwa utumbo kwa kamera. Kwetu tunakufa na saratani ya tumbo. Kaka yangu amekufa, baba yangu amekufa, na mimi nataka kujua kama nitakufa. Sasa nipeni ufunguo!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuyasema hayo kwa sauti, na niliyasema mbele ya foleni ya malori, magoti yamebanana.

Nilipotoka, madereva walinipisha njia. Mama Akoth alikuwa amenichemshia maji, ameyatia sukari na chumvi kidogo. Hakunipa pole nyingi.

"Mamangu alikuwa na uvimbe kwa titi," alisema. "Alificha na leso mpaka ikatoka usaha. Na dada yake pia. Hiyo yako, unafikiria na hii ya titi inaweza kutembea kwa damu?"

"Sijui, mama. Lakini nitamuuliza daktari."

"Uniulizie." Akaniwekea ufunguo mapajani pamoja na ule mti wake. "Kaa nayo. Leo choo ni yako. Wengine wataomba kwako."

Na kweli waliomba. Jioni ile yote madereva wa lori, watu wazima wenye ndevu, walikuja kwangu kwa adabu: "Boss, samahani, unaitumia?" Nilikuwa mtu mkubwa Malaba kwa muda huo, kuliko nilivyowahi kuwa Busia.

Asubuhi, foleni ilisogea. Abiria wote waliteremshwa tupite kwa miguu mbele ya meza ya forodha, mizigo mkononi. Nilikuwa mwepesi kama ganda la njugu. Mbele yangu alisimama ofisa kijana mwenye bambo, ule mchuma wa kuchomea magunia. Basi nikafanya kile nilichozoea kufanya maisha yangu yote: nikauweka uso wa mtu asiye na kitu. Uso huo ndio ulioniponza. Ofisa hakumwangalia hata mmoja katika wale waliokuwa wakihangaika na mifuko. Alinitazama mimi, niliyetulia kama mtakatifu.

"Mzee, hiyo mkebe ni nini?"

"Mafuta tu, afande. Ya kupikia."

"Unapeleka mafuta Uganda? Na huko ndiko yanatoka?"

Jasho jembamba likanitoka. Mfanyabiashara wa Burumba, na nimesahau mafuta yanaelekea upande gani! Ofisa akafungua kifuniko, akazamisha bambo katikati. Tukasikia wote: ting.

Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya kukamatwa. Niliona tu ule mchuma ukimgusa Emoit.

Akachimba kwa vidole, akakitoa kichupa kikitiririka mafuta, akafungua nailoni, akakiinua kwenye mwanga. "Na hii? Hii nyama ni ya nini? Ni dawa ya uganga?"

Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye mhuri. Ningeitoa tu. Lakini sikuikumbuka, nililokumbuka ni Emoit akinifundisha kuogelea mtoni, akinishikilia kidevu nisimeze maji.

"Ni ndugu yangu, afande," nikasema.

Ofisa alibaki ameinua mkono. Watu waliokuwa nyuma wakasukumana kuona. Nikamweleza yote, na safari hii sikupaza sauti. Nilipofika kwenye karatasi ndipo nikaikumbuka, nikaitoa ikiwa imelowa jasho. Akaisoma polepole.

"Sasa mzee. Ulikuwa na ruhusa."

"Ndiyo."

"Na ukamficha kwa mafuta."

"Ndiyo, afande. Mimi ni mtu wa Busia."

Alitaka kucheka, akajizuia, akakifuta kichupa kwa leso yake mwenyewe mpaka kikang'aa. Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mbebe vizuri. Mtu kama huyu anapita mbele, si kwa mlango wa nyuma."

Nyuma yangu nikasikia sauti niliyoijua ikisema, "Uwi! Si huyu ni Baba Nekesa?" Nikageuka. Alikuwa Mama Rosa, jirani yangu wa Burumba, muuza mitumba, amekwenda Malaba kufuata marobota. Katika Busia nzima hakuna kipaza sauti kinachomfikia. Nikajua kabla sijavuka daraja kwamba kanisa litapata habari kabla ya chakula cha mchana.

Kampala nitaisimulia kwa ufupi, kwa kuwa sehemu kubwa niliiona nimelala ubavu, nikitazama ukuta. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya joto. Aliniita "ssebo", yaani bwana, na kunipa pole kwa "bambi" kila niliporuka. Mimi niliyekimbia kuombewa hadharani nilikuta chumbani wanafunzi wa udaktari wamejipanga, wasichana kwa wavulana, kila mmoja akingoja zamu ya kuchungulia. Nikasema moyoni, Okisai, ungeona hapa ungecheka mpaka ufe.

Halafu daktari akaacha kusema "bambi". Nikajua.

"Vipo," alisema aliponikalisha. "Vingi. Ni vile vile vya ndugu yako. Lakini nilivyovipima bado havijageuka. Umekuja wakati unaofaa, ssebo."

Nililia palepale. Nililia kwa hofu na kwa furaha, sikuweza kuzitenganisha, na ile gauni ya hospitali ilikuwa wazi nyuma kwa muda wote huo. Nilipotulia, nikamuuliza swali la Mama Akoth. Akasema ndiyo, zipo familia ambazo saratani ya titi hutembea kwa damu, na huyo mama aje apimwe asingoje uvimbe.

Walinipasua, wakautoa utumbo mkubwa karibu wote, wakaunganisha uliobaki. Jumapili ya kwanza nilipoweza kukaa, nilisikia nyimbo kwenye korido. Nikadhani ninaota. Walikuwa kwaya ya akina mama wa Burumba, Mama Rosa mbele na Nabwire katikati, wameleta kuku wa kukaanga, ndizi na chapati, vyote nilivyokatazwa. Waliniombea kwa sauti, wakautaja utumbo wangu kwa jina, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Kisha wakakaa, wakamla kuku wote mbele yangu. Nilimtafuta mtu wa kumwonea aibu, sikumpata.

Busia, siku ya kurudi, nilipita langoni mchana kweupe, mara ya kwanza tangu nianze biashara. Nabwire alinipandisha bodaboda, akamwamuru mwendeshaji aende polepole kama aliyebeba mayai. Waendesha baiskeli wenzake waliniita toka upande wa pili: "Mzee Omuse! Leo umepita kwa barabara? Kwani mihogo imefyekwa?" Nilicheka nikishika mshono. Sasa nahitaji choo mara nyingi kuliko watu wengine, na nimejua choo cha kila ofisi, kanisa na soko la wilaya hii. Siyo jambo la kujivunia, lakini ni bei ndogo kwa mtu ambaye ameanza kuchora ramani ya nyumba ya mawe.

Amukura, nilipopata nguvu, wanaume wa kwetu waliniitia chungu cha ajon. Tuliketi kukizunguka kama ilivyo desturi, kila mmoja na mrija wake mrefu wa kunyonyea pombe ile ya wimbi, kila mmoja mahali pake. Mahali pa Emoit hapakuwa na mtu, lakini mrija wake ulikuwa umetumbukizwa, umesimama. Mimi sikunywa. Niliwaeleza: si uchawi, si kesi ya shamba, ni damu, na inaweza kuzuiwa, na kila aliyetoka kwa babu aende akaangaliwe, na watoto wetu wakikua nao waende. Nikawaeleza bomba. Nikawaeleza wanafunzi waliojipanga. Nikawaeleza hata ule ufunguo.

Walicheka mpaka mirija ikagongana. Okisai alicheka kuliko wote. "Mimi, kamera itanikuta kwa kaburi!" alisema, akaupiga mkono kwenye paja, na paja lenyewe lilikuwa limekuwa jembamba kama mkono wangu. Nilirudi Burumba nikiwa na uchungu mkubwa kuliko ule wa mshono. Nilijiambia kwamba safari yote, aibu yote, nimeiokoa nafsi yangu peke yake, na mdogo wangu nitamzika huku akicheka.

Asubuhi moja, juma lile lile, nilifungua mlango kwenda chooni kama kawaida yangu. Okisai alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la Emoit, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa akicheka. Sijui alikuwa amekaa hapo tangu saa ngapi; hakutaka kubisha hodi.

"Inatoka damu," alisema, akitazama chini. "Tangu kabla Emoit hajakufa."

Nilikaa kando yake. Nikamshika bega, nikausikia mfupa.

"Nitaenda," akasema. "Lakini tupitie Malaba. Hapa Busia watu watatuona."

Niliangalia mabati ya Uganda, karibu pale, yakianza kupata jua. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya kujificha. Nimejifunza nini huko kote, nilifikiri, ikiwa nitamwacha mtu afe kwa sababu amechagua njia ya mzunguko? Nimejifunza kwamba aibu huisha yenyewe, ukimfikisha mtu kwenye choo. Nikaingia ndani, nikachukua sweta.

Basi tukapitia Malaba. Foleni ilikuwa pale pale. Mama Akoth alikuwa mlangoni akikaanga samaki. Alipotuona tukija wawili, mmoja akinifuata nyuma na koti kubwa na macho chini, hakungoja hata salamu. Alinyoosha mkono juu ya msumari, akautoa ufunguo na ule mti wake, akaupitisha mbele yangu, akamkabidhi Okisai.